Mtani Katika Koti la Silva

Agnella alikuwa mke wa mtu ambaye Ifakara nzima ilidhani inamjua kuliko yeye. Akienda sokoni kununua nyuzi za cherehani, atasimamishwa na mwanamke asiyemjua hata kwa sura, aambiwe, "Mumeo jana kanipitisha kwenye tope la Mchombe mpaka nikataja watakatifu wote ninaowajua!" Naye atacheka, kwa sababu ndivyo mke wa Silva alivyotakiwa kufanya. Alicheka miaka yote ya ndoa. Sasa Silva amekufa, amezikwa, na watu bado walikuwa wanamtaka acheke.

Sylvester ndilo jina alilobatizwa, lakini aliyemwita hivyo ni mama yake peke yake, tena akiwa amekasirika. Kwa wengine wote alikuwa Silva, dereva wa bodaboda wa kijiwe cha mbele ya duka la spea la Luqman, mwembamba, mwenye meno yaliyokaa nje muda wote kwa sababu muda wote alikuwa anacheka. Masika, barabara ya Mlimba inapogeuka uji na madereva wenye akili zao wanafunga pikipiki na kulala, Silva ndipo alipoanza kazi. Aliwahi kumpakia padri aliyechelewa misa Mngeta, akamwendesha kwa namna ambayo padri alishuka njiani, akajipangusa tope usoni, akamwambia, "Mwanangu, kabla hatujaendelea, ungama kwanza." Aliwahi kumpakia mbuzi aliyemvalisha helmeti na kumfunga khanga, akapita naye mbele ya trafiki, na trafiki akampa huyo mbuzi shikamoo. Hiyo ya shikamoo huenda watu walitia chumvi. Mbuzi alikuwepo, Agnella alimwona. Ndiye waliyemla Pasaka.

Hata kifo chake alikigeuza mchezo. Alikuwa anarudi kutoka Mchombe jioni ya mavuno, wanawake wamejaa pembeni mwa barabara na miundu yao ya kukatia mpunga, wamechoka, wanarudi makwao. Mmoja akapiga kelele, "Silva, tuoneshe!" Nani alimwomba Silva kitu kama hicho akanyimwa? Alisimama wima juu ya siti, pikipiki inakwenda, akatandaza mikono kama msalaba. Pawatila, trekta lile dogo la mkono, yenye tela la mpunga ikachomoza kutoka njia ya shambani. Vigelegele viliendelea hata baada ya kishindo, maana waliokuwa nyuma hawakuona vizuri, walidhani na hilo lilikuwa sehemu ya onyesho.

Kijiweni wakasema kafa kishujaa. Ushujaa gani, mtu mzima kuuawa na tela la mpunga kwa sababu kachekewa na wanawake? Lakini walisema hivyo, wakabandika picha yake kwenye matangi ya pikipiki zao, na Agnella akawaacha waseme. Yeye alikuwa na jambo lake jingine lililomkosesha usingizi, na halikuhusu namna Silva alivyokufa. Lilihusu namna alivyomwoa.

Mguu wa kushoto wa Agnella ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, na aliyeufupisha ni Silva. Wakati huo alikuwa msichana anayejifunza ushonaji mjini, na kwao ni Michenga. Silva alimpa lifti. Walipofika pale barabara inaponyooka alitaka kumwonesha yeye ni nani, akanyanyua tairi la mbele. Agnella alianguka nyuma, pikipiki ikamlalia. Hospitali walihangaika naye, mfupa ukaunga, lakini uliunga vibaya. Baba yake Agnella akaapa kwamba kijana huyo ataozea rumande. Hata kabla bandeji hazijatoka, Silva akaja na mama yake, wakapiga magoti uani, wakaposa. Kesi ikaishia kanisani.

Mji ukasema uliyoyasema. Kwamba Silva hakuoa, alilipa. Agnella aliyasikia yote, akayameza. Mwanamke huwezi kumuuliza mumeo mkiwa mezani, "Hivi ulinioa kwa kunipenda au kwa kuogopa polisi?" Ukiuliza utajibiwa, na jibu la kuulizwa halina maana. Basi alijitafutia jibu mwenyewe, na kwa miaka aliyokaa na Silva alikusanya mambo mawili.

La kwanza lilikuwa maji ya moto. Miezi ya baridi mguu ule ulimuuma mpaka alishindwa kukanyaga cherehani. Silva alichemsha maji, akapiga magoti mbele yake chumbani, akaukanda kwa taulo. Na huyo Silva, aliyecheka kwenye mazishi ya watu, alikuwa akiukanda huku analia. Alilia kwa sauti ya chini sana ili mama yake, aliyelala chumba cha pili, asisikie. "Nisamehe, Agnella. Nisamehe, Agnella, nimekuvunja." Hakuna aliyejua jambo hilo. Agnella hakumwambia hata dada yake.

La pili lilikuwa jina. Nyumbani Silva alimwita Stendi. "Stendi yangu," alimwambia, "pikipiki bila stendi inalala chini. Mimi bila wewe ningekuwa nimeshalala chini zamani." Agnella alilipenda jina hilo kuliko la ubatizo. Na hata kijiweni, alipompelekea chakula cha mchana, madereva wote waliokuwa wamekaa juu ya pikipiki zao walishusha stendi kwa mguu, moja baada ya nyingine, ka! ka! ka! mpaka alipomfikia mumewe. Alijua wanafanya hivyo kwa ajili yake, kwa sababu hawakumfanyia mwanamke mwingine. Aliona ni heshima. Alikuwa ananyanyua kichwa na kupita katikati yao taratibu, na ndoo ya wali mkononi.

Siku ya kuanua matanga ilikuwa Jumamosi, mchana. Wanawake walikaa kwenye mikeka upande wa jikoni, wanaume kwenye mabenchi chini ya turubai, na kijiwe kizima kilikuja na pikipiki zake, zikapangwa uani. Kulikuwa na wali, kambale wa kukaanga, na pombe ya komoni ya kutosha. Mama mkwe, Domitila, alikuwa amenyoosha miguu yake mkekani, ameegemea ukuta, na macho yake yalikuwa makavu kwa sababu machozi yalikuwa yameisha. Agnella alikaa ubavuni pake.

Watu walikuwa wanamsubiri Marcelino. Huyu alikuwa dereva mwenzake Silva, lakini siku hiyo hakuja kama dereva. Ukoo wao na ukoo wa akina Silva ni watani tangu enzi za mababu, na mtani msibani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Atavaa nguo za marehemu, atatembea alivyotembea, atasema alivyosema, atamtukana yeye na waliobaki. Hairuhusiwi kununa. Anayenuna anaonekana hakumpenda marehemu, na anayecheka mpaka akalia anasifiwa kwamba ameomboleza vizuri. Na Marcelino, Mungu alimpa koo la kasuku. Sauti ya mtu yeyote aliyemsikia mara mbili ilikuwa mali yake.

Agnella naye alikuwa anamsubiri, kuliko alivyokuwa tayari kukubali. Wanaume wakiwa peke yao husema mambo ya wake zao ambayo wake zao hawayasikii kamwe. Leo kwa mdomo wa Marcelino atamsikia Silva wa kijiweni, na pengine katikati ya upuuzi wote huo litatoka neno moja la kumhusu, neno ambalo Silva alilisema bila kujua kwamba yeye anasikiliza. Jibu asilouliza.

Marcelino akatoka nyuma ya nyumba. Domitila mwenyewe ndiye aliyempa nguo: koti la njano la madereva lenye mistari ya kung'aa, ambalo Agnella alilifua mara tatu na bado doa lilikuwa limebaki kwenye kola, na helmeti yenye ufa. Usoni alijipaka unga. Alitembea kwa kurusha mabega, meno nje, na mwanamke mmoja akapiga yowe, "Jamani, Silva huyo!"

"Oyaa, wanangu!" Marcelino akasema, na sauti ilikuwa ya Silva kabisa, mpaka nywele za Agnella zikasimama. "Mbona mmenuna? Nani kafa?"

Watu wakaangua kicheko. Akasimulia ya padri. Akasimulia ya mbuzi, akaigiza mbuzi anavyopokea shikamoo. Akapanda juu ya benchi, akatandaza mikono, akaiga vigelegele vya wale wanawake wa Mchombe, kisha akajiangusha chini puu, akalala kimya na ulimi nje, na watu wakacheka wakijishika mbavu huku machozi yanawatoka. Domitila alicheka. Agnella alicheka. Ilikuwa inauma na ilikuwa inapoza, vyote kwa pamoja, na alifikiri kwamba wazee waliobuni utani huu walikuwa na akili sana.

Kisha Marcelino akainuka, akajipangusa, akatazama kwa mbali kama mtu anayeona kitu barabarani.

"Wanangu, wanangu! Kaeni sawa. Stendi anakuja!"

Pembeni mwa ua, madereva waliokuwa wameegemea pikipiki zao walijua la kufanya bila kuambiwa mara ya pili. Walizipanda, wakaanza kushusha stendi moja baada ya nyingine. Ka! ka! ka!

Na Marcelino akaanza kutembea. Aliuweka mwili wote upande wa kushoto, akaunyanyua, akauweka tena, mkono mmoja umebeba ndoo isiyokuwepo, kichwa juu, shingo imenyooka kama ya malkia. Kila alipoinamia kushoto, dereva mmoja alishusha stendi yake, na pikipiki ikainama kushoto pamoja naye. Stendi ya pembeni. Chuma kimoja kifupi, na mzigo wote umelala upande mmoja.

Kijiwe kilikufa kwa kicheko. Wanawake wengine walicheka kabla hawajaelewa, wengine walielewa wakajiziba midomo kwa khanga. Agnella alihisi uso wake bado umebaki na kicheko cha mwanzo, kimesahaulika pale, hakijui pa kwenda. Aliona mchana ule wote wa kijiweni, miaka yote, yeye na ndoo yake ya wali anapita katikati ya watu wanaomcheka, na ananyanyua shingo.

"Silva," mmoja akauliza kutoka kwenye mabenchi, kama wanavyofanya watu kumchochea mtani, "hivi huyu ulimpendea nini?"

"Kumpenda?" Sauti ya Silva ikacheka. "Mwanangu, wewe hujawahi kuingia dukani kwa Luqman? Pale ukivunja taa, unafanyaje? Unanunua! Basi na mimi nilivunja mguu, nikaambiwa nimnunue na mwenye mguu!"

Ilionekana wazi kwamba mzaha huo haukuzaliwa siku hiyo. Nusu ya kijiwe waliyamalizia maneno ya mwisho pamoja na Marcelino, kwa mpigo mmoja, kama watu wanaoitikia kanisani.

Agnella alimtafuta Luqman kwa macho. Muuza spea alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kofia yake kichwani, sahani ya wali mapajani. Katika watu wote pale, ndiye pekee ambaye Agnella hakuwahi kumsikia akisema uongo, hata wa kuuzia spea. Luqman alikuwa anatazama kandambili zake.

"Shemeji Luqman," Agnella akaita. Hakupaza sauti, lakini watu walinyamaza. "Alisema hivyo?"

"Ni utani tu, shemeji."

"Sijauliza kama ni utani. Alisema, au Marcelino katunga leo?"

Luqman akasogeza sahani. "Alisema," akajibu. "Lakini Silva alikuwa anasema kila kitu, shemeji. Unamjua."

"Cheka, mwanangu," Domitila akamnong'oneza, akimfinya mkono. "Mtani hanuniwi. Watu wanakutazama."

Kilichompanda Agnella hakikuwa huzuni. Ilikuwa hasira, tena hasira safi, ya kwanza tangu alipovunjika mguu, maana hata siku ile hawakumpa muda wa kukasirika, waliposa mapema mno. Alimkasirikia Silva, aliyempa jina moja akaliuza sehemu mbili. Aliwakasirikia hawa waliolishwa wali kwa mikono yake. Na katika hasira hiyo aliona kwamba anacho kitu kimoja ambacho wao hawana. Wana Silva anayecheka. Yeye anaye anayelia. Atawaonesha shujaa wao akiwa amepiga magoti. Waone hilo dume lao, na waone pia kwamba mtu halilii kitu alichokinunua. Alitaka vyote viwili, kumwaibisha marehemu na kushinda, kwa pigo moja.

"Na mimi nimwigize," akasema, akainuka.

"Mke haigizi," bibi mmoja akamkemea. "Wewe si mtani, kaa chini!"

Hakukaa. Alipiga magoti kwa shida mbele ya mama mkwe wake, mguu mbovu ukitangulia, akaushika mguu wa Domitila ulionyooshwa mkekani, akachukua ncha ya khanga yake kama taulo. Akaanza kuukanda. Hakuwa na koo la Marcelino, sauti ilikuwa yake mwenyewe.

"Nisamehe, Agnella," akasema. "Nisamehe, Agnella, nimekuvunja. Hivi ndivyo alivyokuwa. Huyo Silva wenu. Kila mwaka miezi ya baridi, chumba kile pale, magoti chini, analia kama mtoto. Analia kwa ajili ya mguu huu mnaoushushia stendi."

Uani pakawa kimya. Luqman aliinua uso. Dereva mmoja alivua kofia yake, hajui kwa nini. Domitila alimtazama mkwewe kana kwamba amempiga kofi.

"Sylvester alilia?" akauliza. "Mwanangu alikuwa analia, na mimi nipo chumba cha pili, hamkuniita?"

Hapo Agnella alifikiri ameshinda. Alishinda kwa muda wa pumzi mbili au tatu.

Marcelino ndiye aliyeanza. Kilimtoka puani kwanza, kama mtu anayejizuia kanisani. "Silva?" akasema. "Silva analia? Jamani, Silva!" Na kijiwe, kilichokuwa kimebanwa na ukimya ule, kikapasuka. Hawakucheka kwa ubaya. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, walicheka kwa mapenzi, wakipigana mabega, kama watu waliookota hela ya jamaa yao mfukoni mwa koti la zamani. Hadithi zote za Silva walikuwa wameshazichosha. Hii ilikuwa mpya.

"Mzee baba analialia!" mmoja akapiga kelele kutoka kwenye pikipiki.

"Marcelino, ichukue hiyo! Ichukue!"

Na Marcelino akaichukua, ndiyo kazi yake. Alimwinua Agnella kwa heshima zote, akamkalisha kwenye benchi, akapiga magoti mbele yake ndani ya koti lile la njano. Mtani haulizi ruhusa. Aliuweka mguu wa kushoto wa Agnella juu ya goti lake, akachukua ncha ya khanga, akaanza kuukanda, na kutoka chini ya helmeti ikatoka sauti ya Silva, kubwa, ya kuchekesha, ya kulia kama ndama.

"Agnelaaa! Nisamehe, Agnelaaa!"

Watu walianguka juu ya mikeka. Kesho itakuwa kijiweni, Agnella alijua. Jumatatu itakuwa Mlimba, itapita kila kituo, na mpaka mvua zinyeshe hakutakuwa na mtu bondeni asiyeweza kumwiga Silva akilia. Alikuwa na kitu kimoja tu ambacho kilikuwa chake, na amekitoa mwenyewe, kwa mikono yake, hata hakuombwa.

Angeweza kuuvuta mguu. Domitila alikuwa anamtazama, akisubiri ishara yake. Luqman alikuwa ameshasimama, amejiandaa kuingilia kati, ingawa si ndugu wala mtani. Lakini mkono ule uliokuwa ukikanda ulikuwa ndani ya mkono wa koti la Silva, na sauti ilikuwa ya Silva, isipokuwa ilikuwa juu mno, haikukaa mahali pake.

"Hapana," Agnella akasema.

Marcelino akanyanyua uso wenye unga. "Nini, shemeji?"

"Si kwa nguvu hivyo. Alilia kwa chini. Alikuwa hataki mama asikie." Akausogeza mguu vizuri juu ya goti lake. "Na nisamehe inakuja kwanza, kabla ya jina."

Kicheko kilipungua kidogo, watu wakitaka kusikia. Marcelino akafikiri, akainamisha kichwa, akashusha koo. "Nisamehe, Agnella," akasema kwa chini. "Nimekuvunja."

Alikuwa yeye. Hata pumzi ile ya katikati ilikuwa yake. Watu wakaangua kicheko upya, wengine wakapiga makofi kwa namna mtani alivyopatia. Agnella alifumba macho, akakaza mikono yote miwili ukingoni mwa benchi.

"Rudia," akamwambia.